Somo la Msimu: Programu Ndogo ya Mtu Mmoja na Faida Asizozitarajia

Wanachama wenzangu,

Somo letu la mara hii si la mbolea wala la kupalilia, bali ni la hisabu. Naomba mtu asiugeuze ukurasa huu kwa kuona neno kompyuta, akasema, "Hayo ni ya vijana." Msimu uliopita mambo hayo ya vijana yaliniokoa nisimdhulumu mzee asiye na kosa, na ndiyo sababu nayaandika.

KHABARI ILIVYOKUWA

Katika shamba la ukoo wetu yuko mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuanika. Karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa, yeye ndiye anayezipokea, akazitandaza juu ya majamvi, akazigeuza, akazikusanya wingu likitanda, na usiku hulala karibu nazo. Kazi hii anaifanya tangu mimi mtoto, na hajapata kutiwa ila.

Kila mkulima anajua kuwa sehemu kubwa ya uzito wa karafuu mbichi ni maji. Kwa desturi kilo 3 mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Basi tukipima kilo 90 mbichi, hutarajia kilo 30 kavu, zikizidi au zikipungua kidogo. Msimu uliopita mara kadha wa kadha zilikuja kilo 27, na mara moja zilikuja 26. Jamaa wakaanza kunong'ona. Kilo 3 mara moja si kitu, lakini zikipotea mara 8 ni kilo 24, na hiyo ni fedha ambayo mtu angemlipia mwanawe skuli.

Mkubwa mmoja katika ukoo akanambia nimwite mzee yule, nimpe heshima yake, kisha nimwambie kuwa sasa ni wakati wa kupumzika. Yaani tumfukuze kwa maneno matamu. Nikenda kwake baada ya sala ya magharibi. Sikulitaja neno wizi. Nilimwuliza tu kama huenda karafuu zikapungua jamvini. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, karafuu ni zenu, lakini jina ni langu." Nikarudi nyumbani na kauli ile, na usingizi ukanipotea.

PROGRAMU ILIYOANDIKWA KWA HAJA NYINGINE

Kabla ya kueleza yaliyotokea usiku ule, yafaa nieleze kitu nilichokuwa nacho nyumbani. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikijifunza kuandika programu baada ya sala ya isha. Programu ni mpango wa maagizo, moja baada ya moja, ambayo kompyuta huyafuata bila ya kuyapunguza wala kuyazidisha. Ni mfano wa kumwagiza mtoto dukani: "Nenda, uliza bei ya sukari, ikizidi kiasi hiki, rudi, isipozidi, nunua kilo mbili." Tofauti ni kuwa mtoto akiona duka limefungwa atatumia akili yake, lakini kompyuta itasimama mlangoni mpaka kesho kama hukuiagiza la kufanya.

Sikujifunza kwa kutafuta kazi. Haja yangu ilikuwa moja tu, kuondokana na ugomvi wa siku ya malipo. Kila wiki wachumaji walikuwa wakija na hisabu zao kichwani, nami na yangu daftarini, na mara nyingi hazikukutana. Basi nikaandika programu ndogo inayouliza mambo manne: tarehe, mchumaji, kilo alizoleta, na hali ya hewa. Siku ya malipo hujumlisha na kumwonyesha kila mtu siku zake moja moja. Nyumbani walikuwa wakisema kuwa nimepata mchezo mpya badala ya bao, na mimi sikuwabishia, kwa kuwa kwa kweli nilikuwa nikifurahi.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo ni bora nilitaje, ili mwengine asilirudie. Tulikuwa na wachumaji wawili wenye jina moja, lao na la baba zao. Programu ikawafanya mtu mmoja, na siku ya malipo mmoja akapata fungu la wote wawili na mwenziwe akaambiwa hana kitu. Kompyuta haikukosea, ilifuata agizo langu, na agizo langu ndilo lililokuwa na kasoro. Tangu siku ile kila mchumaji ana namba yake, na jina huandikwa pembeni.

Safu ile ya hali ya hewa niliiweka kwa sababu ndogo sana. Wachumaji hupenda kuuliza, "Siku ile mbona nilichuma kidogo?" na mara nyingi jawabu ni kuwa kulinyesha. Basi nikaandika "jua," "wingu" au "mvua," nikijua kuwa haina kazi nyingine.

USIKU WA HISABU

Usiku ule niliporudi kwa mzee, nililichukua daftari la magunia, ambamo tunaandika uzito wa karafuu kavu, nikauingiza kila uzito katika kompyuta mbele ya siku yake. Kisha nikaandika mistari michache ya maagizo mapya: chukua kilo kavu, gawanya kwa kilo mbichi, zidisha kwa 100. Kwa njia hii kilo 30 zilizotoka katika 90 huwa asilimia 33, na kilo 27 zilizotoka katika 90 huwa asilimia 30. Mwisho nikaiagiza iyapange mafungu yote kuanzia lililopungua zaidi.

Mafungu manane yakaja juu. Mbele ya kila moja palikuwa na neno "mvua." Halikuwamo hata moja la siku ya jua.

Hapa nawaomba wasomaji tusimame kidogo, kwani hapa ndipo watu wengi hukosea. Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kuwa moja limelizaa la pili. Mwenye kutaka kushitaki angeweza kusema kuwa mwizi naye hupenda usiku wa mvua, kwa kuwa watu hawatoki. Orodha ile ilinionyesha mahali pa kutazama, lakini haikunipa hukumu.

Siku mvua ilipornyesha tena nikachukua karafuu zilizoletwa zikiwa zimerowa, nikazipima mbele ya watu: kilo 20. Nikazitandaza juu ya chanja chini ya paa, upepo ukazipiga mpaka matone yakaisha, nikazipima tena: kilo 18. Kilo 2 zilikuwa ni maji ya mvua yaliyoshikana na karafuu kwa nje, mbali na maji yaliyomo ndani yake.

Sasa hisabu ikawa nyepesi. Tulipopima kilo 90 siku ya mvua, kilo 9 zilikuwa za mbinguni. Karafuu zenyewe zilikuwa kilo 81, na theluthi ya 81 ni 27. Hakuna hata punje iliyoibiwa. Mwizi wetu alikuwa ni mvua, na tuliomfungulia mlango ni sisi, tuliokuwa tukipima kabla ya maji kuchuruzika.

Nilikwenda kwa mzee mbele ya yule mkubwa wetu, nikamtaka radhi. Alipokwisha kusikia maelezo yangu yote ya asilimia na safu, alitabasamu, akasema, "Mngeniuliza, ningekwambieni. Karafuu ya mvua ni nzito mkononi, nyepesi guniani."

Neno hili limenikaa. Mzee alikuwa akijua siku zote yale ambayo mimi niliyapata kwa usiku mzima wa kompyuta. Ila yafaa pia tuseme kweli: wakati ule neno lake lisingesikilizwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyetiliwa shaka. Rikodi ndiyo iliyomsemea. Wazee wetu wamesema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Nami naongeza kuwa hata sifa njema ya mtu huweza kupotea hivyo hivyo.

JAMBO LA PILI LISILOTARAJIWA

Khabari haikuishia hapo. Ilipobainika kuwa tulikuwa tukipima maji, wengine wakasema kuwa basi wachumaji wamelipwa fedha za mvua, na wakatwe. Wachumaji nao wakajibu kuwa siku ya mvua matawi huteleza, mtu huchuma kwa hatari, na kilo anazopata ni chache kuliko za siku ya jua. Nikaitazama orodha, nayo ikawasadikisha: siku za mvua kilo za kila mtu zilishuka, hata pamoja na maji yake.

Tukakaa pamoja tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, yaliyopita hayakatwi. Pili, karafuu zilizorowa zitandazwe kwanza chini ya paa mpaka matone yaishe, ndipo zipimwe, na mchumaji mwenyewe awepo. Tatu, mvua ikiwa inanyesha mtu asipande. Programu haikuamua hata moja katika haya. Waliamua watu, ila waliamua wakiwa na hisabu moja mbele yao, na kwa hivyo sauti hazikupanda.

WALIOTUTANGULIA

Baada ya mambo haya nikataka kujua kama limewafika wengine jambo kama hili, la kuandika kitu kwa haja ndogo kisha kikafaa kwa kubwa. Nikaona kuwa ni khabari ya zamani katika fani hii. Nataja tatu tu.

Ya kwanza ni ya kahawa. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wataalamu wa kompyuta walikuwa wakitumia birika moja la kahawa, na waliokaa mbali walikuwa wakishuka ngazi na kulikuta tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaielekeza kamera kwenye birika lile na kuandika programu ya kuonyesha picha yake katika kompyuta za wenzao, ili mtu ajue kabla ya kuondoka kitini kama kahawa ipo. Mwaka 1993 picha ile ikawekwa katika mtandao wa dunia, na watu wa nchi za mbali wakawa wanalitazama birika ambalo hawatalinywea kamwe. Ilizimwa mwaka 2001. Leo watu wengi wanaotazama nyumba zao au bandari kwa kamera wakiwa mbali wanafuata njia iliyofunguliwa na watu waliochoka kupanda na kushuka ngazi.

Ya pili ni ya chombo nilichokitumia mimi mwenyewe. Lugha niliyoandikia programu yangu huitwa Python. Aliyeianza ni Guido van Rossum, Mholanzi, ambaye mwezi wa Disemba 1989 alikuwa akitafuta kazi ya kujifurahisha katika wiki ya Krismasi, ofisi yao ikiwa imefungwa. Aliitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka huo huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, aliwatangazia wenziwe kuwa anatengeneza mpango wa kuendeshea kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Kazi yake ikaitwa Linux, nayo imo ndani ya kila simu ya mkononi ya Android, pengine na hiyo iliyomo mfukoni mwako sasa hivi.

Ya tatu inatukhusu sisi wakulima zaidi. Huko Japani, Makoto Koike aliacha kazi yake katika viwanda vya magari akarudi kuwasaidia wazee wake katika shamba la matango. Akaona kuwa kazi ya kuchagua matango ni nzito kama ya kuyalima. Mama yake alikuwa akiyagawa katika madaraja tisa kwa urefu, rangi, unyofu na mikwaruzo, na wakati wa mavuno kazi ile ilichukua hata saa 8 kwa siku. Koike akatumia kiasi cha miezi 3 kupiga picha 7,000 za matango ambayo mama yake alikwisha kuyachagua, akaifundisha kompyuta kwa picha hizo, na akaunda mashine ya kuyagawa kwa kutumia kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi. Khabari yake ilienea mwaka 2016. Katika majaribio ya picha, mashine ilipatia zaidi ya mara 95 katika 100. Ilipowekwa kazini khasa ikashuka mpaka kiasi cha 70. Yeye mwenyewe aliyasema haya bila ya kuficha.

Tuzingatie mambo mawili hapa. Mashine haikujua tango zuri ni lipi mpaka ilipofundishwa na mkono wa mama. Na aliyeiunda hakuwa mtu aliyeajiriwa na kampuni kubwa kwa kazi ile, bali ni mtoto wa shamba aliyemwona mama yake akichoka. Mgeni angeuliza, "Mkulima anataka nini?" Yeye hakuhitaji kuuliza.

JINSI YA KUANZA

Simwambii kila mwanachama aandike programu. Lakini katika kila nyumba yetu yuko kijana mwenye simu au kompyuta na saa mbili za usiku. Kwa ajili yake na yako, mimi naona kanuni hizi zafaa:

1. Anza na kero moja, iwe ya kwako mwenyewe. Usianze kwa kutaka kuwafaa watu wote. Ikikufaa wewe kweli, wengine watakuja wenyewe.

2. Iandike kanuni kwa kalamu kwanza. Usipoweza kumweleza jirani yako namna unavyolipa wachumaji, hutaweza kuieleza kompyuta.

3. Mpe kila mtu namba, na uandike uzito kwa kipimo kimoja. Usichanganye kilo na pishi katika safu moja.

4. Andika na mambo yaliyo pembeni: mvua, mizani iliyotumika, siku karafuu zilipoanikwa na siku zilipotiwa guniani. Huwezi kujua leo ni swali gani utakaloulizwa kesho.

5. Wiki mbili za mwanzo, fanya hisabu kwa mkono pia, uzilinganishe. Zikitofautiana, usilipe mtu mpaka ujue kwa nini.

6. Weka nakala mbili mahali mbali mbali, na daftari la karatasi lisitupwe. Simu huanguka kisimani.

7. Malipo ya mtu ni siri yake. Mwonyeshe ya kwake, usimwonyeshe ya mwenziwe.

8. Hisabu ikikuelekeza kwa mtu, usimhukumu kwa hisabu peke yake. Nenda ukamwulize, tena mwulize kama mjuzi, si kama mshitakiwa.

Kwa anayeanza, si lazima hata kuandika programu. Programu za majedwali zilizomo katika kompyuta na simu nyingi hujumlisha na kugawanya zenyewe, na zinatosha kwa shamba la watu kumi. Atakapoona kuwa jedwali limemshinda, ndipo ajifunze lugha ya kuandikia programu. Na masomo ya bure yako mengi katika intaneti.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wenye watoto wa skuli wawape maswali haya jioni wakati wa kuchambua.

Swali la 1. Kilo 120 za karafuu mbichi zilipimwa zikiwa na kilo 12 za maji ya mvua. Tukitarajia theluthi, zitatoka kilo ngapi kavu?

Swali la 2. Siku ya jua kali tulipima kilo 75 mbichi, zikatoka kilo 20 kavu. Ni asilimia ngapi? Zimepungua kilo ngapi katika theluthi? Taja mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kumtia mtu shaka.

Jawabu la swali la 1 ni kilo 36. Katika swali la 2 ni asilimia 26 na kitu, na upungufu ni kilo 5. Ama mambo ya kuchunguza, mimi ningeanza na mizani, kisha ningeuliza kama makonyo yalipimwa pamoja na karafuu kabla ya kuchambuliwa, kisha kama hali ya hewa iliandikwa sawa. Mwenye kuona jambo jengine na aniletee. Na wazee waanikaji khasa naomba wasinyamaze. Nitayachapa wanayoyajua katika toleo lijalo, kila moja kwa jina la mwenyewe akipenda.

Mzee wetu bado yuko jamvini pake. Msimu huu yeye ndiye anayenambia la kuandika katika safu ya hali ya hewa, na ameniongezea neno moja ambalo sikuwa nalo: "umande."

Wassalaam.

Katibu wenu